Umeme Rahisi, Uzito Ghali: Hesabu ya Ndege Ndogo Iliyopiga Picha Pemba

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na kwa fedha za Benki ya Dunia, ilianza kuchora upya ramani ya visiwa vyake kwa picha za angani. Eneo la kazi lilizidi kilomita za mraba 2,300. Huko nyuma kazi ya namna hii ilifanywa na ndege kubwa, rubani akiwa ndani. Safari hii walioifanya ni vijana wa SUZA waliofundishwa kwa msaada wa Drone Adventures ya Uswisi. Chombo chao kikuu kiliitwa eBee: kindege cha povu gumu chenye upana wa sentimita 96 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na uzito wa gramu 700 hivi pamoja na kamera. Kuku wa kienyeji hukizidi uzito.

Picha zile ziliwekwa hadharani, na mtu wa Gando, kisiwani Pemba, akizitafuta ataona mapaa, mikarafuu, mikoko na ufuo wa upande wake. Faida za ramani yenyewe zimeshaandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo ni jinsi betri ya kushika kwa kiganja ilivyotosha kufanya kazi ya ndege yenye injini ya mafuta. Hapo ndipo penye somo kwa kijana yeyote anayetamani kuunda ndege ya kuongozwa kwa rimoti.

Kampuni ya senseFly iliyoitengeneza eBee ilianzishwa mwaka 2009 na watu waliotoka kwenye chuo cha ufundi cha EPFL, Lausanne. Ukiondoa kamera na kompyuta ndogo inayoongoza safari, kinachobaki ni ndege ya modeli ile ile ambayo mashabiki wa ndege ndogo wamekuwa wakiihangaikia tangu 30 Juni 1957. Siku hiyo Mwingereza H. J. Taplin alirusha kwa redio ndege yake ya umeme, Radio Queen, akitumia betri za fedha na zinki. Iliruka, lakini kwa tabu, maana betri zilikuwa nzito na mota ilikuwa ya kaboni, ile ambayo mafundi wetu huifungua kila mara kubadilisha vipande vilivyolika. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo, aliyetaka ndege ndogo iruke kwa raha alinunua injini ya mafuta na kuvumilia kelele na moshi wake.

Mambo mawili yaligeuza meza: mota isiyo na kaboni, na betri za lithiamu-polima. Mota hiyo huendeshwa na kidhibiti mwendo kinachogawa umeme wa betri katika waya tatu kwa zamu. Hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi, kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme hugeuka nguvu badala ya joto. Betri nazo hubeba takriban wati-saa 150 kwa kila kilo. Hicho bado ni kiasi kidogo mno. Kilo moja ya petroli ina karibu wati-saa 12,000. Injini ya moto hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo, hata hivyo pengo ni kubwa kiasi kwamba mwenye ndege ya umeme hana ruhusa ya kubeba gramu isiyo na kazi.

Tuifungue basi eBee. Mota yake inaweza kuvuta hadi wati 160, na betri yake ina seli tatu, volti 11.1, uwezo wa miliampea-saa 2,150. Zidisha: wati-saa 24, kasoro kidogo. Mtengenezaji alisema ndege hukaa angani hadi dakika 50. Kwa muda huo, wastani wa umeme unaotumika hauwezi kuzidi wati 29. Kwa nini basi kuifunga mota ya wati 160 kwenye ndege inayosafiri kwa 29? Kwa sababu ya sekunde chache za mwanzo. Ndege hii haina magurudumu. Mrushaji huishika, huitikisa mara tatu ili mota iamke, kisha huiachia hewani, na hapo inatakiwa ipande mara moja kabla haijakutana na mnazi. Wati 160 kwa gramu 700 ni kama wati 230 kwa kilo, kiwango ambacho wenye ndege za michezo ya angani hukitaka. Baada ya kupanda, inateleza kwa nguvu isiyofika hata moja ya tano ya ile iliyo nayo.

Umbo nalo limepangwa kwa ubahili huo huo. Ndege haina mkia. Ni bawa tupu lenye vibawa viwili tu vya nyuma, ambavyo vikipanda pamoja huinua pua, na kimoja kikipanda kingine kikishuka huilaza ndege ubavu. Sevo mbili za kuvisogeza zinatosha. Propela iko nyuma, na hushikiliwa kwa mpira, ili ikigonga kitu ing'oke badala ya kuvunjika. Povu lenyewe hubonyea na kurudi. Mtu aliyezoea kuona uimara katika chuma ataidharau ndege hii, lakini kwa kitu cha gramu 700 kinachotua kwa tumbo, kubonyea ndiko uimara.

Sasa twende kwenye hesabu iliyoamua kazi yote. Chukua kamera yenye pikseli 4,000 kwa upana, na picha ambazo kila pikseli ni sentimita 7 ardhini, kiwango kinacholingana na cha kazi ile. Kila picha inafunika upana wa mita 280. Lakini programu ya kuunganisha picha inahitaji picha za mistari jirani zipandane. Tuseme kwa asilimia 70. Mstari mmoja wa ndege na unaofuata hutenganishwa basi na mita 84 tu. Kwa mwendo wa mita 12 kwa sekunde, ndege inamaliza karibu mita za mraba 1,000 kila sekunde. Ikipiga picha kwa dakika 35, imemaliza kilomita za mraba 2.1. Pemba ina kilomita za mraba 988 hivi. Zingehitajika safari 470, bila kuhesabu kona na siku za mvua.

Ongeza dakika 5 tu kwa kila safari, na idadi inashuka hadi 410 hivi. Ndiyo maana nasema kazi hii iliamuliwa na uzito zaidi kuliko kompyuta: dakika 5 ni makumi ya gramu zilizookolewa kwenye gundi, nyaya na skrubu, na gramu hizo zinalipa kwa makumi ya safari. Ndiyo maana pia droni za mapanga manne, zile zinazoonekana harusini, hazikuwa chaguo la kwanza. Mapanga yake hubeba uzito wote saa zote. Bawa hubebwa na hewa, na mota hulipia ukinzani wa hewa tu.

Na umeme wenyewe? Safari 470 mara wati-saa 24 ni kama kilowati-saa 11. Weka upotevu wa chaja, zifike 14. Kwa lugha ya shirika la umeme la Zanzibar (ZECO), hizo ni uniti 14. Kwa hesabu hii, Pemba nzima, kuanzia Kigomasha hadi Panza, inapigwa picha kwa umeme ambao friji ya nyumbani huumaliza katika wiki moja au mbili. Umeme huo tangu mwaka 2010 huja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga.

Kilichobaki kuwa kigumu ni upepo, na mtu wa pwani halihitaji somo hilo kwa urefu. Bado inafaa kuona linavyouma katika namba. Ndege inakwenda mita 12 kwa sekunde katika hewa. Kusi inavuma mita 8. Ikienda kilomita moja dhidi ya upepo hutumia sekunde 250, na kurudi nao sekunde 50, jumla 300. Kusingekuwa na upepo ingetumia 167. Aliyepanga mistari yake kuelekea upepo na kurudi amekaribia kutupa nusu ya betri. Akiipanga kukata upepo kwa ubavu, kilomita zile mbili humchukua sekunde 224 hivi. Bado ni hasara, ila inavumilika. Kwa hiyo msimu na saa ya kuruka vina uzito sawa na chaguo la betri, na asubuhi mapema, bahari ikiwa shwari, hakuna mbadala wake.

Gando ina ugumu wake wa ziada. Sehemu kama hii, yenye mikoko na maji, huisumbua programu ya kuunganisha picha, kwa sababu hutafuta alama zilezile katika picha mbili, na mawimbi hayakai mahali pamoja. Majani ya mikoko yanayotikisika nayo si rafiki. Dawa yake ni kupanga mistari ili kila picha ya pembeni ishike kipande cha nchi kavu. Halafu kuna kutua. eBee hukaribia ardhi kwa mstari na kugeuza propela ivute kinyume ili ipunguze mwendo, lakini bado inahitaji njia isiyo na miti. Kati ya minazi na mikarafuu, kilichobaki ni uwanja wa mpira, au uwanda ambao msimu wa karafuu huwa umetandikwa majamvi. Ndege hii ikitua juu ya karafuu za mtu, mazungumzo yatakayofuata hayatahusu teknolojia.

Wapo walioamua kulipia tatizo la kutua kwa betri. Mwaka 2018, katika Ziwa Victoria, kampuni za DHL na Wingcopter na shirika la GIZ la Ujerumani walijaribu kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, kwa ndege ya umeme inayopaa wima kisha kugeuza mota zake na kusafiri kwa bawa. Ni suluhisho zuri kwa kisiwa kisicho na uwanja. Ila mitambo ya kugeuza mota husafirishwa njia nzima ikiwa mzigo.

Kwa anayetaka kuunda ndege inayofanana na ndege ya kweli, hesabu ni ileile ila haina huruma. Chukua Cessna Caravan, ambayo wasafiri wa Pemba wanaijua. Bawa lake lina upana wa mita 15.88. Ukiipunguza mara kumi unapata mita 1.59 na eneo la bawa la mita za mraba 0.26. Urefu umepungua mara kumi, eneo mara mia, uzito mara elfu: Caravan ya kilo 3,970 ingekuwa modeli ya karibu kilo 4. Usiijenge hivyo. Kwa kilo 4 bawa litaacha kubeba kwenye mwendo wa kilomita 52 kwa saa hivi, na kiwanja cha mpira kitaisha kabla hujajua. Kwa kilo 1.9, mwendo huo unashuka hadi kilomita 36.

Kwa kilo 1.9, wati 180 kwa kilo zinatosha ndege ya aina hii: karibu wati 340. Betri ya seli nne itatoa ampea 24 hivi, kidhibiti mwendo kiwe cha ampea 40 ili kisichemke kwa joto letu. Mota ya mizunguko 750 kwa volti, na propela ya inchi 12 kwa 6, itazunguka kama mara 8,000 kwa dakika na kuisukuma hewa kwa kilomita 73 kwa saa, mara mbili ya mwendo ule ambao bawa huacha kubeba. Propela ya kweli ya Caravan ni inchi 106, hivyo kwa kipimo ingetakiwa iwe inchi 10.6. Waundaji wengi hudanganya hapa, na wana haki: hewa haipunguzwi kwa kipimo. Wanaonunua mota kubwa kwanza ili ndege ibebe uzito wowote wanaanza kwa mwisho. Mota kubwa hutaka betri kubwa, betri hutaka bawa nene, na ndege inanenepa hadi inarudi ardhini.

Kwa vijana wa Gando na Wete wanaofikiria kuanza, waanze na bawa la povu lisilo na mkia kabla ya Caravan, na wanunue mita ya kupima wati kabla ya mota ya pili. Betri zihifadhiwe kwa volti 3.8 kwa seli, mbali na jua, na zichajiwe juu ya mchanga mtu akiwepo. Kibali kiombwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kabla ya kuruka, kwa kuwa kanuni za mwaka 2018 za vyombo visivyo na rubani zinahusu Pemba kama zinavyohusu Dar es Salaam.