Usaha Kwanza, Dawa Baadaye

Mtoto ameletwa kliniki ya Ziwani, Nairobi, akiwa na jipu pajani. Daktari wa watoto haligusi kwanza. Anampima uzito na joto, anatazama kama ananyonya na kucheza, kisha anauliza: "Mama, ameshapewa dawa gani?"

"Ya chemisti, daktari. Lilipungua, likarudi."

Jibu hilo analiandika. Stafilokoka, bakteria wa majipu mengi, ni hodari wa kujenga usugu: dawa ya methicillin ilianza kutumika Uingereza mwaka 1959, na kufikia 1961 bakteria walioishinda walikuwa wamegunduliwa.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo anatafuta joto kwa mgongo wa mkono. Halafu anaweka vidole viwili juu ya jipu. Anabonyeza kimoja, cha pili kinainuka. Usaha umeiva. Anachora mpaka wa uvimbe kwa kalamu, ili baadaye aone kama umesonga mbele.

Sasa ganzi. Mtoto ana kilo 10, na kipimo chake cha juu ni miligramu 3 za lignokeni kwa kila kilo: 30 tu, yaani mililita 3 za dawa ya asilimia 1. Anaidunga polepole pembezoni mwa jipu, kisha anangoja ishike. Foleni nje ni ndefu, lakini hamgusi mtoto mpaka ahakikishe hasikii maumivu.

Anapasua kwa kufuata mikunjo ya ngozi, mara moja. Usaha wa kwanza anauchota kwa kijiti cha pamba, uende maabara. Anaingiza koleo likiwa limefungwa, analifungua ndani kuvunja vyumba vya usaha, kisha anaosha kwa maji ya chumvi mpaka yatoke safi. Anafunika kwa shashi.

"Hakuna dawa ya kumeza, daktari?"

"Usaha umetoka, mama, na hana homa. Mwekee taulo lake peke yake, mnawe mikono, umlete baada ya siku mbili. Akipata homa, uvimbe ukivuka huu mstari au akikataa kunyonya, mlete hata usiku."

Wanaporudi, uvimbe umerudi nyuma ya mstari na kidonda kinajaa nyama kutoka chini. Majibu ya maabara yanakuja baadaye: bakteria ni sugu kwa dawa kadhaa. Kisu hakikuhitaji ruhusa ya bakteria. Daktari anaweka karatasi ya majibu kwenye faili, ili jipu likirudi na homa, achague dawa ambayo bado ina nguvu, kwa sababu hakuipoteza siku ile ya kwanza.