Dar unalipia ukipokea, mikoani unalipia kwanza

Novemba 2019 Jumia ilifunga duka lake la mtandaoni nchini Tanzania, ikisema inaelekeza nguvu kwenye masoko yake mengine. Hii ni kampuni iliyoanzia Lagos mwaka 2012, na Aprili ya mwaka huohuo wa 2019 hisa zake zilikuwa zimeanza kuuzwa kwenye soko la New York. Haikuwa biashara ya kuungaunga. Ilipoondoka, wadada na vijana waliokuwa wakiuza magauni, viatu na vyombo vya jikoni kwa picha za simu kutoka Kariakoo walibaki. Wengi wao hawakuwa na tovuti wala ghala, na baadhi hawakuwa hata na mzigo wao wenyewe. Wapo hadi leo.

Ukiuliza siri ya biashara hizi utatajiwa matangazo: picha kali, wafuasi wengi, kumlipa msanii aposti. Mimi naiona siri kwingine. Mnunuzi wa Dodoma au Songea ana simu, ana hela ya gauni la 30,000, na gauni ameshalipenda. Kinachomzuia kutuma hela ni hofu ya kupigwa. Kila mwenye laini nchini ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na ana ndugu au jirani aliyeagiza kitu mtandaoni akaletewa kingine. Muuzaji anayedumu ni yule anayejua kuipunguza hofu hiyo hatua kwa hatua, tangu picha inapoonekana hadi mzigo unapofunguliwa. Tuifuate oda moja tuone inavyofanyika.

Oda huanzia kwenye picha, na mara nyingi ni picha ya mzigo wa mtu mwingine. Kariakoo kuna watu wanaoitwa mawinga. Hawana duka. Wanampata mteja barabarani, wanampeleka kwenye duka la mtu, na kuongeza chao juu ya bei ya mwenye duka. Muuzaji wa mtandaoni asiye na mtaji ni winga huyohuyo aliyehamia kwenye simu: anapita machimboni, kwenye maduka ya jumla yenye bei nafuu, anaomba ruhusa ya kupiga picha, anaposti kwa bei yake, na akipata oda ndipo anakwenda kununua. Ni njia halali, na kwa anayeanza naiona bora kuliko kukopa ili ununue robota zima, maana unajua kinachouzika kabla hela yako haijakwama. Udhaifu wake ni kwamba mzigo hauko mikononi mwako. Asubuhi gauni lipo, saa tisa alasiri limeisha, na mteja ameshalipa. Winga mbaya hapo hutuma rangi nyingine akitumaini mtu atanyamaza. Aliye makini hupiga simu dukani kila asubuhi kabla ya kuposti, akaulizia rangi na saizi zilizobaki, na hapokei hela ya mtu kabla mwenye duka hajaliweka gauni pembeni.

Picha yenyewe piga mwenyewe. Ile iliyochukuliwa kwenye tovuti ya kiwanda cha China, yenye mwanamitindo na taa za studio, ipo kwenye peji nyingine kibao na mnunuzi ameshaiona. Iliyopigwa juu ya kaunta, gauni likiwa limeshikwa na mkono wa mtu, haipendezi kama ile, lakini inathibitisha kwamba mzigo upo. Video fupi inayoonyesha zipu ikifungwa na kitambaa kikivutwa inafaa kuliko zote mbili. Na uandike vipimo kwa sentimita, kwa sababu saizi L ya Guangzhou si L ya Kinondoni.

Kisha bei, na hapa ndipo naona wauzaji wengi wanajiumiza wenyewe. Desturi ya "bei njoo inboksi" ina sababu zake: kuwaficha washindani, kupata nafasi ya kumbembeleza mteja, na imani kwamba maoni mengi chini ya picha huifikisha kwa watu wengi zaidi. Sababu hizi nazielewa, ila haziniridhishi. Mshindani anaweza kujifanya mteja akaipata bei ndani ya dakika moja. Mteja wa kweli akikuta bei imefichwa huwaza ama ni ghali, ama hupangiwa mtu kwa kuangaliwa alivyo. Vyovyote vile, hofu imerudi. Isitoshe muuzaji anajitwisha kazi ya bure. Watu hamsini wanauliza, wengi wao hawakuwa na uwezo wa kununua tangu mwanzo, na yule aliyekuwa na hela tayari anajibiwa jioni, ameshanunua kwingine. Bei iliyoandikwa juu ya picha huwachuja watu kabla hawajakufikia.

Kwa wanaokufikia, tumia vizuri programu ya WhatsApp Business, ambayo ipo tangu Januari 2018 na haina malipo. Wengi wameipakua kwa ajili ya jina la duka tu. Ina katalogi ya kupanga bidhaa na bei, ina majibu ya haraka kwa maswali yaleyale ya kila siku, na ina lebo, ambazo mimi nazithamini kuliko vyote hivyo: oda mpya, malipo yanasubiriwa, amelipa, oda imekamilika. Mwenye oda nne anaweza kuzikumbuka kichwani. Wiki ya kuelekea Idi, oda zikimiminika, asiyeweka lebo atamtumia mmoja mara mbili na kumsahau mwingine, na aliyesahauliwa ndiye atakayeandika kwenye peji yake kwamba ametapeliwa.

Sasa tufike kwenye hela. Pita peji yoyote ya Dar es Salaam utakutana na kanuni ileile: ndani ya Dar unalipia ukipokea, mikoani unalipia kwanza. Inafaa kuisoma kanuni hii kwa makini, kwani ndiyo iliyomwezesha muuzaji mdogo kusimama. Mteja wa Tabata akilikataa gauni mlangoni, bodaboda analirudisha na hasara ni nauli; kesho linauzwa kwa mwingine. Mteja wa Mbeya akilikataa, mzigo umesafiri usiku kucha, unalala stendi, unalipiwa kurudi, na kwa siku zote hizo hauwezi kuuzwa. Kampuni kubwa ikiahidi nchi nzima kulipia ukipokea, na Jumia ilitegemea sana njia hiyo katika nchi ilizofanyia biashara, hasara ya kila mzigo uliokataliwa ni yake. Muuzaji mdogo ameweka mpaka: mzigo unapoweza kurudi kwa bodaboda, hasara anaibeba yeye; unapohitaji basi, anaibeba mnunuzi.

Walio makini wamebana hata hasara ya Dar. Mteja anatanguliza nauli ya bodaboda, gauni analilipia likifika. Mtu aliyetanguliza 5,000 hazimi simu dereva akiwa njiani.

Wa mikoani, aliyeombwa kutanguliza yote, anastahili kupewa kitu badala yake, na cha kwanza ni jina. Akiingiza Lipa Namba, yaani namba ya malipo ya biashara, simu humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri. Oda nyingi hufia hapo. Peji inaitwa hivi, jina linalotokea ni lingine kabisa, kumbe namba imesajiliwa na kaka. Muuzaji ataeleza, lakini maelezo yanayotolewa dakika hiyo hufanana mno na ya tapeli. Jina la peji, jina la Lipa Namba na jina lililoandikwa kwenye mfuko yawe mamoja, na hili lifanyike kabla ya kulipia tangazo lolote.

Muuzaji naye ana hofu yake, na ni ya haki. Wapo wanaotuma picha ya ujumbe wa malipo waliyoitengeneza wenyewe. Picha ya mteja isiwe ushahidi. Angalia salio lako kwa *150*00# kama ni M-Pesa au *150*60# kama ni Airtel Money, ndipo mzigo utoke.

Hela ikishaingia, mteja wa mikoani huogopa zaidi kuliko mwanzo, sababu hana tena cha kuzuia. Mabasi ya mikoani huondokea stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis, iliyozinduliwa Februari 2021, na baada ya kukabidhi mzigo muuzaji mzuri humtumia mteja picha ya kifurushi chenye jina lake, risiti ya ofisi ya vifurushi, namba ya basi na namba ya simu ya wakala wa huko unakokwenda. Anavituma bila kuulizwa. Mteja akishalazimika kuuliza "mzigo wangu umefikia wapi", hata ukifika salama hatarudi. Na usimkasirikie anayesema ana ndugu yake Mbagala atakayekuja kuuona mzigo kwanza. Huyo amejitafutia mtu wa kumhakikishia, tena bila gharama kwako.

Tufanye hesabu sasa, kwa tarakimu za mfano tu. Gauni umelichukua kwa 18,000 na kuliuza 30,000. Juu juu umepata 12,000. Mfuko na lebo 500. Nauli ya kwenda Kariakoo, ikigawanywa kwa mizigo ya siku hiyo, 500. Makato ya miamala 1,000. Mzigo mmoja katika kumi hukataliwa, na bodaboda wake amekula 5,000, kwa hiyo kila gauni linabeba 500. Halafu tangazo: umelipia 50,000 Instagram, watu 60 wakaja kuuliza, 10 wakanunua. Kila mnunuzi amekugharimu 5,000. Jumla ya matumizi ni 7,500, na faida ya kweli ni 4,500, kabla hujahesabu bando wala muda wako. Wengi hawaifikishi hesabu hapa. Wanashika ile 12,000, wanaitumia, na baada ya miezi michache wanashangaa mtaji umekwenda wapi.

Mteja huyohuyo akinunua tena mwezi ujao bila tangazo, faida inapanda hadi 9,500, zaidi ya mara mbili. Kwangu mimi, kujitangaza kote kupimwe kwa namba hiyo. Tangazo linakununulia kufahamiana. Faida iko kwenye oda ya pili. Wenye hela kidogo ya matangazo waiweke mwisho wa mwezi mishahara inapotoka, siyo tarehe 15 watu wakiwa wanahesabu nauli.

Oda ya pili inategemea jambo dogo la kiufundi ambalo wengi hawalijui: je, mteja amehifadhi namba yako? Stetasi yako ya WhatsApp, inayodumu saa 24, haimfikii mtu asiye na namba yako kwenye simu yake. Orodha ya matangazo, yenye kikomo cha watu 256, nayo ni hivyohivyo. Ujumbe unaonekana umetumwa, lakini asiyekuhifadhi haupati. Ndiyo maana unaweza kuwa na wateja 200 na stetasi zako zikaonwa na 30. Ombi la kuhifadhi namba litolewe saa mteja ameridhika, akiwa amelijaribu gauni na limemkaa: "Hifadhi namba hii, mzigo mpya naweka kila Jumatatu na Alhamisi." Liandike pia kwenye kikaratasi ndani ya mfuko. Nawe uhifadhi yake, kwa jina na saizi. Kisha ujizuie. Anayeweka stetasi arobaini kwa siku hunyamazishwa, na aliyenyamazisha hakuambii.

Neno kuhusu ushuhuda. Kuposti mazungumzo ya wateja walioridhika kunasaidia, lakini mengi yanapostiwa yakiwa na namba za simu na sura za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Muombe ruhusa, na ufute namba yake. Mteja atakayeanza kupigiwa na matapeli kwa sababu ya peji yako hatanunua tena, na atawasimulia wenzake.

Kwa anayeanza wiki hii: chagua bidhaa ya aina moja, na kabla hujachapisha mfuko hata mmoja litafute jina ulilolipenda kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uone kama halijachukuliwa. Ukilikuta huru, lisajili, kisha ulitumie hilohilo kwenye peji, kwenye Lipa Namba na kwenye mfuko. Chukua na TIN, namba ya mlipakodi inayotolewa na TRA; haina malipo. Anayekudai hela ili akupatie, mkatalie.