Dizeli kando ya Nile

Anayetaka kuona kinaya cha umeme wa Uganda aikumbuke Jinja ya mwaka 2006. Penye chanzo cha Nile, eneo la Kiira, injini za kukodi za kampuni ya Aggreko zilinguruma zikichoma dizeli ili kutoa megawati 50. Ziwa Viktoria lilikuwa limeshuka zaidi ya mita moja. Ukame ulichangia, lakini mabwawa ya Nalubaale na Kiira nayo yalikuwa yamefungulia maji kupita kiwango kilichokubaliwa na Misri.

Kwa nini mafuta yachomwe Jinja? Kwa sababu fundi wa umeme wa dharura hafuati mto, hufuata nyaya. Laini kuu za taifa zinaanzia pale. Injini hufika ndani ya makontena, kila moja na jenereta yake. Hupangwa kwenye sakafu ya zege, huunganishwa na transfoma ya kupandisha msongo, na baada ya miezi michache umeme umeingia gridini. Lakini bwawa la Bujagali, mtoni hapo hapo, halikuzinduliwa hadi 2012.

Wepesi huo ni ghali. Injini ya aina hii hula kama robo lita kwa kila uniti, yaani kilowati-saa moja. Megawati 50 kwa saa moja ni uniti 50,000, yaani lita 12,500. Kwa siku nzima, lita 300,000. Hayo ni malori manane au tisa kila siku, karibu yote yakipitia Kenya. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara, Uganda ikakaukiwa mafuta. Maji, hata yakipungua, hayapiti forodhani.

Mji wa Mbale, ulio mbali na Jinja, una shida yake. Umeme ukisafirishwa mbali msongo hushuka: taa hufifia, mota za vinu vya kusaga hupata moto. Ndiyo maana naona kituo cha Electro-Maxx cha Tororo, nacho cha megawati 50, kilikaa mahali pazuri zaidi: karibu na mpaka wa Malaba, na Mbale ni kama kilometa 45 tu. Kinatumia mafuta mazito, nafuu kuliko dizeli, ila yakipoa huganda kama lami. Lazima yapashwe moto na kuchujwa kwanza, na hilo huchukua muda.

Aprili 2020 ziwa lilikuwa limefurika. Kisiwa kinachoelea kikajikokota hadi Nalubaale, kikaziba mitambo, nchi nzima ikawa giza. Siku hiyo ilitakiwa injini ya kuwaka papo hapo, na zile za dizeli zilikuwa zimeshaondoka Jinja miaka mingi kabla.