Teresa wa Lisieux: sala ya kitoto au sala ya mwana?



Leo naomba tuzungumzie kitabu ambacho wengi wetu tuliolelewa parokiani tulikisikia kabla ya kukisoma. Ni maisha ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa Mkarmeli wa Lisieux, Ufaransa, aliyezaliwa 1873 na kufariki 1897 akiwa na miaka 24 tu. Kifaransa chake ni Histoire d'une âme. Niseme mapema kwamba mie si mwanateolojia. Nakisoma kama mtu wa lugha, na kama mtu mwenye deni lake la sala.

Kwetu Bagamoyo picha yake ilitundikwa sebuleni pembeni ya Bikira Maria: sura laini, mawaridi mikononi. Marehemu mama alikuwa akituambia, "Wanangu, salini kama huyu, kitoto tu, kwa furaha." Nami nilikuwa katika umri wa kubisha. Nikajisemea moyoni, mbona mkitukemea mnatuambia tuache mambo ya kitoto?

Tatizo linaanzia hapo, kwenye lugha. Kwa Kiswahili "kitoto" karibu ni tusi, na mtu mzima ukimwambia ana utoto hatakushukuru. Vijitabu vya ibada nilivyopata kuvisoma huiita njia yake "utoto wa kiroho", na msomaji hubaki na sura ya binti mchangamfu asiyejua shida, anayeongea na Yesu kama anavyoongea na mwanasesere wake. Kitabu chenyewe hakisemi hivyo hata kidogo.

Hebu tazameni Krismasi ya 1886. Teresa anakaribia miaka 14 na bado anawekewa zawadi kwenye viatu kama wanavyofanyiwa watoto wadogo. Baba yake, amechoka baada ya misa ya usiku, analalamika kwamba heri huu ni mwaka wa mwisho wa mambo hayo. Binti anamsikia akiwa anapanda ngazi. Siku nyingine angelia mpaka basi. Safari hii anameza machozi, anashuka, anafungua zawadi zake kwa kicheko. Mwenyewe anaihesabu siku ile kuwa ndiyo alipotoka utotoni. Sasa kama aliuacha utoto akiwa na miaka 13, ile "njia ndogo" aliyoifundisha baadaye monasterini haiwezi kuwa ni kuurudia utoto uleule.

Mie napendekeza neno tulilo nalo siku zote, nalo ni "mwana". Mtoto hukua akaacha kuwa mtoto. Mwana haachi kuwa mwana, na mzee wa miaka 70 bado ni mwana wa fulani. Ndiyo maana wazee wakasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hata kama mwana huyo ameota mvi. Msomeni Teresa kwa neno hili muone. Anakiri kwamba husinzia wakati wa sala, kisha hajisumbui, kwa sababu wazazi humpenda mtoto amelala kama wampendavyo akiwa macho. Anasimulia habari za lifti alizoziona katika safari ya Italia ya 1887, akasema yeye hana nguvu za kupanda ngazi ya utakatifu, basi mikono ya Yesu iwe lifti yake. Huku jamani ni kudeka, na anayeweza kudeka ni yule mwenye hakika kwamba anapendwa.

Kwa nini basi tukapewa sanamu ya sukari? Alipofariki, dada yake Pauline, mtawa Agnes wa Yesu, aliyahariri madaftari yake na kitabu kikatoka 1898. Tumtendee haki: Teresa mwenyewe alimruhusu kuongeza na kupunguza. Lakini waliokuja kulinganisha walihesabu mabadiliko zaidi ya 7,000, na maandishi halisi yakaja kuchapishwa 1956. Hata picha alizopigwa na dada yake mwingine, Céline, zililainishwa kabla ya kusambazwa. Zile za asili zina sura nyingine kabisa: kidevu kigumu, macho ya mtu anayekukagua.

Nisiwe mwenye upendeleo, sukari yote haikumiminwa na wahariri. Hata katika daftari halisi yamejaa maua madogo na vitu vya kuchezea, na pale anapojiita mpira mdogo wa Mtoto Yesu, mie hufunga kitabu nikanywe chai kwanza. Lakini nikirudi nakuta Pasaka ya 1896. Anatema damu, kifua kikuu kimeshaingia, na muda mfupi baadaye imani inamwia giza: mbingu aliyoitamani tangu udogoni haioni tena. Giza hilo halikumwondoka kabisa mpaka kufa. Na ni katika miezi hiyo ndipo alipoandika sehemu kubwa ya yale tunayoyaita furaha yake. Mwenye kuisoma furaha hiyo bila kulisoma giza hajamsoma Teresa.

Kuhusu Bikira Maria, wengi watashangaa. Katika daftari la mwisho anakiri kwa aibu kwamba kusali Rozari peke yake kulimpa taabu kubwa. Na Agosti 1897, akiwa kitandani, aliwalalamikia wahubiri wanaompandisha Maria juu mno asifikike. Alitaka aonyeshwe mama aliyeishi kwa imani kama sisi, ambaye Injili ya Luka yasema hakuyaelewa maneno ya mwanawe hekaluni. Kwake Maria ni mama zaidi kuliko malkia. Ikumbukwe mama yake wa kumzaa alifariki binti akiwa na miaka minne. Alijua anachokitafuta.

Mwaka 2009 masalia yake yalipozungushwa Uingereza nilipanga foleni pale Westminster pamoja na maelfu ya watu, nikatoka vilevile nilivyoingia. Miaka kadhaa baadaye mama akafariki, nami niko huku, makaratasi yangu hayajakamilika, sikuweza kwenda kumzika. Tangu hapo Rozari yake niliyoletewa sijapata kuimaliza. Nikifika fungu la pili sauti inakatika. Kwa muda mrefu niliona ni dhambi, mpaka niliposoma ule ukurasa wa aibu ya Teresa. Yeye anasema ikimkauka kabisa husali Baba Yetu moja polepole na Salamu Maria moja, basi, na hivyo vinamlisha.

Sasa nami husema Salamu Maria moja usiku, kwa Kiswahili, kwa lafudhi ya mama. Usiku mwingine husinzia kabla ya amina. Marehemu aliposema "kitoto" nadhani alikuwa na maana ya mwana, ila mie ndiye niliyekuwa bado mtoto.

Wenye kukifahamu Kifaransa kunishinda, naomba mnikosoe. Na mwenye neno bora kuliko "mwana" alilete tulipime.

Naomba kuwasilisha.