Mashahidi Watatu

Nusu saa ya kwanza fundi hakuigusa kamera. Alikaa kwenye kiti cha mbao sebuleni kwa mwalimu mstaafu, Kamachumu, wilayani Muleba, mkoba wake ukiwa bado umefungwa miguuni pake, akawa anauliza tu. Mara ya mwisho picha kuingia kwenye kompyuta ilikuwa lini? Waya uliotumika siku hiyo ndio huu? Kompyuta ilikuwa imekaa hapahapa au ilihamishwa? Nani mwingine amewahi kuishika?

Mwalimu alijibu kwa mpangilio wa mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote. Picha zilikuwa zikiingia vizuri mpaka masika yalipoanza. Mjukuu alikuja likizo, akachezea vitu, akaondoka. Waya wa zamani haujulikani ulipo, huu umetoka kwenye droo la chaja. Kompyuta ilisogezwa dirishani ili ipate mwanga. Kwa kila jibu fundi aliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," akasubiri lingine. Mimi moyoni nilikuwa nimeshatoa hukumu: waya. Yeye hakuhukumu chochote.

Tulikuwa tumetoka Bukoba asubuhi kwa Hiace, tukapita Kemondo, tukaiacha barabara kuu pale Muhutwe na kupanda kuelekea Kamachumu, migomba na mibuni ikiwa imetuzunguka kila upande. Kwa kawaida fundi huyu hawafuati watu majumbani. Ana kibanda chake mjini, meza moja na taa moja, na kazi humfuata hapo. Lakini tatizo la kamera kukataa kuzungumza na kompyuta, aliniambia njiani, halibebeki nusu. Ukimpelekea kamera peke yake umempelekea upande mmoja wa ugomvi wa watu wawili. Kamera ikifika mjini itaongea vizuri na laptopu yake, atapokea hela, na mama wa watu atarudi nyumbani akute mambo ni yaleyale.

Kamera yenyewe ni ile ndogo ya rangi ya fedha, ya mtindo wa miaka ya 2000, aliyoletewa na mwanawe. Ndani ya memori kadi kulikuwa na nyumba. Nyumba ya zamani ya mwalimu, ile iliyopasuka kuta katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililoutikisa mkoa mzima wa Kagera Jumamosi ile alasiri, hadi ikabidi ibomolewe. Aliipiga picha mwaka uliotangulia, siku ya kipaimara, watu wakiwa wamesimama barazani. Nakala nyingine haipo popote, hata kwenye kompyuta.

Fundi aliposikia hivyo aliinuka. Akaomba maji, akanawa mikono, akaikausha kwa makini. Akaizima kamera, akafungua kifuniko cha chini, akaibonyeza kadi kwa ukucha mpaka ikajitokeza. Pembeni mwa kadi za aina ile kuna kitufe kidogo cha kuteleza, na watu wengi huwa nazo miaka kumi bila kukiona. Akakisukuma kushuka, ili kadi isomeke lakini isiandikike. Akaitia kwenye kisoma kadi chake, akaunganisha na laptopu yake mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye folda inayoitwa DCIM. Hakutafuta. Watengenezaji wa kamera walikubaliana tangu miaka ya 1990 kwamba picha zote, za kamera yoyote, zikae ndani ya folda yenye jina hilo, na kila faili ipewe jina la alama nane, nne za mwisho zikiwa tarakimu. Kwa makubaliano hayo fundi wa Bukoba huingia kwenye kamera asiyowahi kuiona kama anayeingia jikoni kwa dada yake.

Akanakili zote. Akahesabu: 312 kwenye kadi, 312 kwenye laptopu. Akafungua ya kwanza, ya katikati, na ya mwisho, maana hesabu kutimia si ushahidi kwamba picha ni nzima. Akazinakili tena kwenye flashi mpya, akampa mwalimu mkononi. "Hii weka kabatini, Mwalimu. Kamera tusiitegemee." Halafu akanigeukia na kusema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile:

"Sasa tunaweza kukosea."

Ni nidhamu aliyoipata kibandani, kwa kuona watu wakilia. Vijana wanaopiga picha za harusi Bukoba humjia usiku, kadi mkononi, macho mekundu. Kompyuta iliwaambia kadi haisomeki, inabidi ifomatiwe, je, unakubali? Wakakubali. Kidole kimoja, na harusi nzima imekwenda. Swali lake la kwanza kwao ni kama wamepiga picha nyingine baada ya hapo. Wakisema hapana, kuna tumaini, kwa sababu kufuta au kufomati kwa haraka huondoa orodha tu, wala hakuondoi kilichoorodheshwa. Kwa maneno yake, umechana daftari la shamba, lakini migomba bado imesimama. Yupo Mfaransa, Christophe Grenier, aliyetengeneza programu iitwayo PhotoRec na kuitoa bure kwa dunia. Programu hiyo haijali orodha. Hupita kadi yote kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG huanza nazo, na popote inapozikuta huanza kuvuna. Kazi huweza kuchukua saa nyingi. Fundi huwaambia vijana waende wakalale, yeye hubaki. Asubuhi picha hurudi bila majina yake, nyingine zikiwa zimekatika katikati, lakini bibi harusi yumo. Akiona mtu ameendelea kupiga picha juu ya kadi ileile, humwambia ukweli hapohapo, kabla ya kuzungumza bei. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa ujuzi wenyewe.

Turudi Kamachumu. Msomaji anaweza kuuliza: kama kisoma kadi kimetoa picha zote, ya nini kuendelea? Fundi aliitazama mikono ya mwalimu. Vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi. Kadi ya ukubwa wa stempu hawezi kuichomoa bila kuidondosha. Waya anaweza kuushika. Basi waya ndio uliopaswa kufanya kazi.

Hapo mkoba ulifunguliwa tena. Alipanga vitu vitatu mezani juu ya kitambaa: waya, kamera kuukuu, na ile laptopu. Vyote alikuwa amevijaribu asubuhi kabla ya kutoka, na alijua ni vizima. Huviita mashahidi. Anachofanya ni chepesi kukieleza, na kigumu mno kukishikilia: kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na ikafanya kazi, umepona lakini hujui ugonjwa, na ugonjwa utarudi wewe ukiwa umeshaondoka.

Kamera ya mwalimu, waya shahidi, laptopu shahidi: ikalia, picha zikatokea. Kamera nzima. Kamera ileile, waya wa droo, laptopu shahidi: kimya. Nikamtazama nikiamini tumemaliza. Akachukua mita, akapima ncha moja baada ya nyingine. Waya kamili wa USB wa aina hii una nyuzi nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za taarifa. Huu, nyekundu ilijibu, nyeusi ikajibu, nyingine mbili zikanyamaza. Akaomba ruhusa, akauchana kwa wembe, akamwonyesha mwalimu: nyuzi mbili tu. Waya wa chaji. Kwa nje hauna tofauti na ndugu yake, na umetengenezwa vizuri kabisa kwa kazi yake. Kosa letu lilikuwa kuudai kazi ambayo haukupewa nyuzi za kuifanyia.

Mtu mwingine angeuza waya mpya na kuwahi gari. Yeye alichukua kamera nzima na waya mzima, akaunganisha kwenye kompyuta ya mwalimu, kwenye tundu la mbele.

Kimya.

Kasoro mbili zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu kasoro ya kwanza ilieleza kila kitu vizuri mno. Fundi hakuonyesha kushangaa. Akachomoa kamera, akachomeka mausi ya kompyuta kwenye tundu lile la mbele. Taa nyekundu ya tumboni mwa mausi ikawaka. Akaisogeza, mshale kwenye skrini haukutikisika. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Taa inawaka, maana umeme unafika. Mshale umelala, maana taarifa hazifiki. Kichwa cha USB kimeundwa hivyo: ncha mbili za pembeni, za umeme, ni ndefu kuliko mbili za katikati, za taarifa, ili umeme utangulie kugusa. Kikiingia nusu, au uchafu ukikaa kule ndani, kitu kitawaka na hakitasema neno. Watu huona taa na kuapa kwamba tundu ni zima.

Akamulika kwa tochi ya simu, akaniita nione. Shaba ya katikati ilikuwa imeota ukijani. Upande huu wa Ziwa Victoria hupata mvua nyingi, na kompyuta ilikuwa imekaa dirishani masika yote. Akazima, akachomoa waya wa ukutani, akafungua ubavu wa kompyuta. Vumbi, mayai ya mjusi, na plagi ndogo ya ndani inayounganisha matundu ya mbele na bodi, nayo imepata ukijani uleule. Alisafisha kwa mswaki na spiriti, ncha kwa ncha, akipuliza, akisubiri ikauke, akirudia. Ilichukua karibu saa nzima. Tundu moja la mbele likafufuka. La pili lilikuwa limeliwa mpaka shaba ikapungua, likakataa.

Lile lililokufa aliliziba kwa gundi ya karatasi. Nikamuuliza kwa nini, wakati mwalimu ameshaambiwa asilitumie. "Ameambiwa yeye," akasema. "Mjukuu je?" Halafu akachukua waya mzima wa kurefusha, akauchomeka nyuma ya kompyuta ambako matundu yamekaa kwenye bodi yenyewe, akauleta mpaka mezani ili mama asiiname.

Saa ya kamera ilikuwa imerudi kwenye tarehe ya kiwandani, maana betri ilikaa bila chaji muda mrefu. Akairekebisha. Hakuna aliyemwomba.

Kisha akaweka mikono nyuma. "Mwalimu, sasa wewe." Mama akachomeka, kichwa kikakataa, akakigeuza, kikaingia. Fundi hakusogea. Ikalia. Folda ikafunguka, na katikati ya safu za picha ndogo akaiona baraza, akaigusa kwenye skrini kwa kidole. Fundi akamwomba achomoe, arudie. Akarudia. Kabla ya mara ya tatu umeme ukakatika.

Tukala matoke na dagaa katika giza-nusu, mvua ikiwa imeanza tena. Hiace ya mwisho kushuka Muhutwe isingetusubiri sana, nikamkumbusha. Akasema kompyuta haijajaribiwa baada ya kuzimika ghafla, na mvua hizi zitaizima mara nyingi. Akavuta kiti karibu na mlango, akakaa. Umeme uliporudi kulikuwa kumeshaingia usiku. Mwalimu aliwasha mwenyewe, akasubiri mpaka skrini ikatulia, akachomeka waya, na ikalia.

"Asante waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya. Fundi akaanza kuwakusanya mashahidi wake, mmoja mmoja, akiwafuta kwa kitambaa.