Sifa za Hadithi Isiyosemwa

Mwaka 1977 mchoraji Mwingereza Raymond Briggs alitoa kitabu kinachonuka. Fungus the Bogeyman ni kitabu cha tope, kamasi na uvundo, kimesheheni maneno mpaka pembeni mwa kurasa, na Briggs alikuwa amezama humo miaka miwili. Alipojinasua alitamani kazi safi, nyepesi, ya haraka, isiyo na maneno. Mwaka uliofuata akatoa The Snowman. Mtoto wa kiume anaamka na kukuta theluji imeanguka, anatengeneza mtu wa theluji bustanini kwao, usiku mtu yule anapata uhai, wanakuwa marafiki, na asubuhi ameyeyuka. Basi. Ukiisimulia kwa mdomo, chai yako haijapoa.

Ninachokisifu si kisa chenyewe, maana visa vya sanamu kupata uhai vimejaa tele duniani. Nasifu ufundi wa kusimulia kwa picha tupu, ambao wengi wetu huuhesabu kuwa kazi ya mteremko, ya watoto wasiojua kusoma. Mwondolee msimulizi maneno uone unachomnyang'anya: umemnyima “hapo zamani za kale”, umemnyima “kumbe”, “ghafla”, “kwa sababu”, “laiti”. Hawezi kusema mtoto alifurahi. Inambidi achore mtoto anayekurupuka kitandani, anayevaa mbiombio, anayetoka nje huku mama yake bado anamsemesha. Hawezi kusema saa zilipita. Inambidi mtoto ale, aoge, apande kitandani, ashindwe kulala, achungulie dirishani. Kila kiungo cha sentensi lazima kigeuzwe kuwa tendo linaloonekana.

Kwa hiyo Briggs alizikata kurasa zake kuwa visanduku, kama wafanyavyo wachoraji wa katuni, na kwa visanduku hivyo akaendesha mwendo wa hadithi. Ndani ya nyumba ni vidogo na vimebanana, tendo baada ya tendo. Mtoto na mgeni wake wanaporuka angani, visanduku vinatanuka, na jicho linapata mahali pa kupumzika. Hakuna aliyekwambia upunguze mwendo, lakini utaupunguza.

Kuna na suala la kifaa. Desturi ya wachoraji wengi wa vitabu vya namna ile ilikuwa kuchora kwa penseli, kupitisha wino juu yake, kisha kutia rangi. Wino hukata mpaka: hapa mtu, hapa ukuta. Briggs aliuweka wino kando, akaifanya kazi yote kwa penseli za rangi. Mstari na rangi vikawa kitu kimoja, kilichotoka mkononi kwa pumzi moja, na kingo za vitu zikalainika kana kwamba hewa yenyewe imejaa chembe za theluji. Theluji yenyewe si nyeupe tupu. Ikaribie picha uone alivyoipaka kijivu na buluu, mikwaruzo midogo midogo inayoonekana wazi, naye hakujali kuificha. Mchoro wa kitabu hiki hauogopi kuonyesha kwamba umechorwa.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, kwani humo ndimo ufundi ulimojificha. Mtoto anafungua mlango usiku, na mtu wa theluji anavua kofia kumsalimu. Mgeni mwenye adabu. Anakaribishwa, anazungushwa chumba kwa chumba, nasi tunacheka. Anamkurupusha paka. Anaushangaa umeme unaowaka na kuzimika. Wanaingia chumbani kwa wazazi waliolala fofofo, anajaribu nguo za baba, anakutana na meno ya bandia yaliyolowekwa kwenye glasi. Msomaji anadhani ni mizaha tu. Lakini rudi nyuma uangalie ni vitu gani vinamtisha na vipi vinamfurahisha: moto unamshtua, jiko linamrudisha nyuma, maji ya moto hayataki. Barafu inampendeza, na akifunguliwa friza anajilaza ndani kwa raha zake. Matembezi yale yote ni onyo. Briggs ametuambia mapema kabisa mgeni huyu atakufa kwa nini, ila ametuambia kwa kutuchekesha, na kwa kuwa hakuna sentensi iliyosema, hatukumbuki kuwa tumeambiwa. Mwandishi wa maneno angejaribu hivyo angenaswa. Neno “joto” likirudiwa mara tatu msomaji huanza kunusa kifo.

Jambo hilo limesimama juu ya ukweli wa theluji yenyewe. Theluji kavu, ya baridi kali, haifinyangiki; ukiibana mkononi inamwagika kama unga. Inayoshikamana ni ile yenye unyevu, iliyo karibu na nyuzi 0, ambayo ni kawaida kusini mwa Uingereza. Maana yake ni kwamba unyevu uleule unaokuwezesha kumjenga rafiki ndio unaotangaza kwamba hatakaa. Briggs aliishi Sussex, chini ya vilima vya South Downs, na alifundisha uchoraji Brighton kwa miaka mingi. Mtoto na rafiki yake wanaporuka hawaendi nchi ya ajabu yoyote. Wanapita juu ya vilima hivyo mpaka Brighton, kwenye gati lililoingia baharini, wanasimama kulingoja jua. Jua! Yaani muujiza unampeleka mtu wa theluji kumtazama muuaji wake akichomoza, kisha wanawahi kurudi nyumbani.

Wazazi wa Briggs, baba muuza maziwa na mama aliyewahi kuwa mtumishi wa ndani, walifariki wote wawili mwaka 1971. Miaka miwili baadaye akafariki mkewe, Jean. Sisemi kitabu ni matanga yao. Yeye mwenyewe alizoea kueleza mambo haya bila kuyapamba, kwamba wazazi hufa, wanyama hufa, maua hufa, na hakuona kwa nini mtu wa theluji asiyeyuke. Nakubaliana naye. Ukatili ungekuwa kumdanganya mtoto. Katika picha ya mwisho tunamwona mvulana kwa nyuma mbele ya kilichobaki, kofia na skafu juu ya kichuguu kidogo. Uso wake hatuoneshwi. Angeuchora, angekuwa ameamua kwa niaba yetu mtoto huyo anahisi nini.

Hapo ndipo kitabu kisicho na maneno kinapofika mbali kuliko vingi vilivyotafsiriwa. Mtoto wa Moshi huiona theluji ya Kilimanjaro siku za mawingu mepesi lakini hajaifinyanga. Wa Unguja hata hajaiona. Wote wawili lakini wamewahi kukimbizana na barafu ya ukwaju inayochuruzika hadi kwenye kiwiko, kwa hiyo kuyeyuka wanakujua. Mbele ya kitabu hiki hakuna anayesubiri kusomewa. Kwenye ngano zetu msimulizi hutamka “Paukwa” na watoto wakajibu “Pakawa”. Hapa wao ndio wenye “Paukwa”, na mtu mzima aliyeshika kitabu hana neno la kuwapa, labda vidole vya kufunulia kurasa. Wanaanza kubishana, huyu anasema paka ameogopa, yule anasema amekasirika. Mwalimu mwenye haraka ya kumaliza somo atakichukia.

Watu wengi zaidi wanaijua filamu iliyotokana na kitabu hiki kuliko kitabu chenyewe. Ilirushwa na Channel 4 ya Uingereza Krismasi ya mwaka 1982, stesheni ikiwa na umri usiozidi miezi miwili, na inachukua dakika 26 hivi. Mwongozaji, Dianne Jackson, alifanya jambo gumu: alikataa kuigeuza michoro ya Briggs kuwa katuni za mistari mikavu. Wachoraji wake walipaka krayoni na pasteli juu ya karatasi angavu, picha moja moja, ndiyo maana rangi inatetemeka kidogo unapoitazama, kana kwamba inapumua. Wahusika hawasemi. Muziki wa Howard Blake ndio unaobeba hadithi, na kuna wimbo mmoja tu, ulioimbwa na Peter Auty, mtoto wa kwaya ya kanisa la St Paul's, London. Jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya washiriki, na Aled Jones alipourekodi mwaka 1985 ukavuma, watu wengi wakaamini hadi leo kwamba sauti ya filamu ni yake. Kwa kazi iliyojengwa juu ya ukimya, ni dhuluma yenye kejeli.

Filamu iliongeza mambo. Brighton haikutosha, wakapelekwa hadi Ncha ya Kaskazini kwa Baba Krismasi, jambo ambalo Briggs hakulishangilia sana. Kitabuni hamna Krismasi hata chembe. Na huko Baba Krismasi anampa mtoto skafu. Asubuhi, mbele ya kichuguu, mvulana anatia mkono mfukoni na kuikuta. Wapo wanaolia hapo, nami sikatai kwamba tukio limepangwa kwa ustadi. Lakini nabaki upande wa kitabu. Skafu ile ni stakabadhi, imewekwa kwa ajili ya mtu mzima anayetaka kuhakikishiwa kwamba haikuwa ndoto. Mtoto hakuwahi kuidai. Aliamini toka pale mgeni alipovua kofia mlangoni.