Mizani ya Pumzi

Miongoni mwa kazi za mikono nilizojaaliwa kuzitazama kwa karibu tangu utoto wangu, ya seremala, ya mhunzi, ya mwashi na ya mshona nguo, hakuna iliyoniteka moyo kama kazi ya fundi wa kabureta. Kwani seremala huuona ubao wake, na mhunzi huiona rangi ya chuma chake kinapoiva, ilhali fundi huyu hupima vitu viwili ambavyo kimoja, yaani hewa, hakionekani kabisa, na cha pili, yaani petroli, huonekana kitambo kidogo tu kabla ya kugeuka ukungu ndani ya koo la chuma lisilozidi sana upana wa kidole gumba. Nitausifu ustadi huo kama nilivyoukuta Moshi, chini ya Kilimanjaro, mahali ambapo hewa yenyewe hubadilika uzito njiani kabla abiria hajamaliza kusimulia habari za kwao.

Nilikuwa na pikipiki kuukuu, Honda XL 125, niliyoinunua kwa bwana shamba mmoja mstaafu. Mjini ilikwenda vizuri, lakini kila Ijumaa jioni nilipokuwa nikirudi kwetu Marangu, mara tu baada ya kuiacha Himo na kuanza kupanda, ilipaliwa kama mtu aliyemeza maji vibaya, ikamisi, ikatoa moshi mweusi, na harufu ya petroli mbichi ikanikaa puani. Fundi wa kwanza niliyemwendea alinijibu pasi na kufikiri kwamba mlima hutaka nguvu, na nguvu ni mafuta, akaniwekea jeti kubwa zaidi. Na Ijumaa iliyofuata niliisukuma pikipiki yangu kwa mikono kati ya migomba, watoto wawili wakinisaidia kwa nyuma, hadi barazani kwa mama yangu.

Baadaye nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Majengo ambaye vijana wote wa bodaboda humwita Meku, kama Wachaga wamwitavyo mtu aliyekula chumvi nyingi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Meku." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaifuta mikono yake, wala hakushika spana. Aliniuliza, "Unalala wapi?" Nilidhani ni maneno ya kujuliana hali tu, kumbe ndilo lililokuwa swali la kwanza la ufundi wake. Nilipomjibu kwamba siku tano nalala mjini na siku mbili Marangu, aliiinamia pikipiki, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi injini yako ina nyumba mbili. Tuitafutie mahali pa katikati."

Ili swali hilo lifahamike, hapana budi niseme kidogo jinsi kabureta inavyofanya kazi. Pistoni inaposhuka huvuta hewa, na hewa hiyo hupita katika koo lililofinywa katikati. Na hewa ipitapo mahali pembamba huongeza mwendo, na mwendo ukizidi mkandamizo hupungua, kama alivyoeleza Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738, na kama alivyoonyesha baadaye kwa majaribio yake Mwitaliano Giovanni Battista Venturi, ambaye koo la namna hiyo huitwa hata leo kwa jina lake. Kwa sababu ya upungufu huo petroli iliyotulia katika bakuli chini hupanda kupitia tundu la jeti, ikatawanyika hewani na kuingia motoni. Injini hutaka, kwa uzito, takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli ili vyote viungue pasi na masazo. Lakini kabureta haina akili ya kuhesabu. Haijui kitu ila upepo upitao kooni mwake, na upepo wa Marangu si upepo wa Moshi. Mji wa Moshi uko kiasi cha mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu, wapitapo wageni waendao kileleni, liko juu ya mita 1,800. Na katika mita 1,000 za kupanda hewa hupungua uzito kwa takriban sehemu 10 katika kila 100. Petroli nayo hupungua, ila haipungui kwa kadiri ile ile, kwa hiyo mchanganyiko huzidi mafuta kadiri mtu apandavyo. Injini yangu ilikuwa imeshiba kupita kiasi, na yule fundi wa kwanza alimwongezea chakula mtu aliyevimbiwa.

Jeti ziko mbili, na hapo ndipo wengi hughafilika. Ile kubwa hutawala pale resi inapovutwa karibu na mwisho wake. Katikati hutawala sindano, inayopanda na kushuka ndani ya tundu. Na mwanzoni kabisa, katika robo ya kwanza ya resi na wakati injini inanguruma bila kuvutwa resi, yaani imekaa sailensa, mwenye amri ni ile jeti ndogo pamoja na skrubu yake. Vijana hupenda kubadilisha jeti kubwa kwa kuwa ndiyo ya mbio. Lakini ni nani avutaye resi hadi mwisho katika njia za Kibosho au Uru, zenye mawe yaliyolegea na mitaro iliyochimbwa na mvua za masika, abiria akiwa mgongoni na mkungu wa ndizi ukiwa umefungwa nyuma yake? Huko mtu huenda kwa mwendo wa mguu, akiilea injini kwa ncha za vidole, na robo ile ya kwanza ndiyo maisha yake yote.

Mwendo huo wa polepole si wa kwetu tu. Uskochi yapo mashindano ya pikipiki ambayo ushindi wake hautokani na mbio. Katika Scottish Six Days Trial, ambayo makao yake ni Fort William, mpandaji huvuka majabali na vijito polepole mno, na akigusa ardhi kwa mguu mara moja huandikiwa alama 1 ya kosa, naye akikwama huandikiwa 5. Mwaka 1965 Sammy Miller, mtu wa Ireland ya Kaskazini, aliyashinda akiwa juu ya Bultaco ya Kihispania. Nawastahi sana watu hao, kwani nao hujua thamani ya jeti ndogo. Lakini Ben Nevis, mlima ulio juu ya Fort William na mrefu kuliko yote ya Uingereza, una mita 1,345 tu, maana yake kilele chake kiko chini ya lango la Marangu, na fundi wa huko hasumbuliwi na wembamba wa hewa kama asumbuliwavyo wa kwetu. Tena kijana wetu wa bodaboda haandikiwi alama na mtu: akishusha mguu mahali pabaya, huanguka yeye na mama aliyempakia.

Meku aliifungua kabureta juu ya sinia, akaitoa jeti ndogo, akaiinua kuelekea angani baina ya kidole gumba na cha shahada, akafumba jicho moja. Ilikuwa kipande cha shaba ya manjano kisichofikia urefu wa punje mbili za mahindi, na tundu lake lilionekana kama nyota moja ya mbali. Mwanagenzi wake alikuwa ameshakata uzi wa waya ili alizibue. Mzee alimshika mkono. Jeti yenyewe ilikuwa na namba 38, na katika kabureta za Keihin namba hiyo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 0.38. Waya ukilikwangua likafika 0.40, jicho halitaona tofauti yoyote, lakini eneo la tundu litakuwa limeongezeka kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100, na kosa la waya litakuwa kubwa kuliko kosa la mlima. Akaitumbukiza jeti katika petroli safi, akaiacha muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha akaipuliza kwa kinywa chake, mara moja, kwa nguvu, akaitazama tena. Sasa nyota ilikuwa duara kamili.

Jeti kubwa niliyowekewa aliitoa, akaweka iliyo ndogo kwa namba moja kuliko ile ya kiwandani. Akakipandisha kipini cha sindano ngazi moja, sindano ikashuka. Mambo hayo aliyafanya upesi, kama mtu afungaye vifungo vya shati. Muda wake aliuweka kwenye skrubu. Kwanza aliiwasha injini na kuiacha ipate moto barabara, maana injini baridi husema uongo. Kisha akachutama, bisibisi mkononi, uso ameugeuzia kando kabisa na pikipiki, kwa kuwa macho, alisema, huyashughulisha masikio. Mwanagenzi aliulizwa skrubu iko upande gani, akajibu. Nami nikajifunza kwamba ikiwa upande wa chujio la hewa, kuilegeza ni kuongeza hewa, na ikiwa upande wa injini, kuilegeza ni kuongeza mafuta, na asiyelijua hilo hutibu maradhi kwa sumu. Aligeuza robo mzunguko, akangoja. Robo nyingine, akangoja. Sauti ilipanda, ikajaa, ikawa moja. Alipoendelea ikaanza kuyumba, naye akarudi nyuma kidogo kidogo hadi pale ilipojaa. Ndipo akaishusha sailensa kwa skrubu ya pili, akaanza upya. Sikupata kumwona mtu akisikiliza kwa adabu namna ile, hata msikitini wala kanisani.

Kisha tukapanda pamoja hadi kilima cha Kiboriloni. Aliniamuru nivute resi yote, nikamate klachi, nizime injini hapo hapo, tukaifungua plagi ingali moto. Nyeusi yenye masizi ni mafuta kuzidi, nyeupe kama chokaa ni hewa kuzidi. Yetu ilikuwa na hudhurungi ya buni iliyokaangwa kidogo, rangi ambayo mtoto wa nchi hii ya kahawa haijui kwa kufundishwa. Akaniambia bado kuna hatari upande wa pili. Nikiishusha pikipiki hii Arusha Chini, kwenye mashamba ya miwa ya TPC, mahali pa chini penye hewa nzito zaidi, nisiikimbize mwendo mrefu, kwa sababu huko itakuwa na upungufu wa mafuta, na injini yenye upungufu huo hupata joto kali ambalo huweza kuitoboa pistoni. Na mwezi wa Julai, baridi ya Marangu inapoipa hewa uzito kidogo, nimrudie ageuze skrubu robo. Pikipiki mpya zenye kompyuta hupima hewa zenyewe, nami nazikubali. Ila hazina haja ya kujua mtu analala wapi, na mimi niliona raha kuulizwa.

Ijumaa ile niliondoka mjini alasiri. Juu ya Marangu Mtoni, mahali njia inapobana, nilisimama kumpisha mama aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Injini haikuzima wala haikuyumba. Ilikaa sailensa, chini, taratibu, hata nikayasikia maji ya mfongo, mfereji wa Wachaga, yakipita kando ya njia.